Historia ya Jeki, na Kwa Nini Jeki Peke Yake Haitoshi

Wapendwa wa nyumbani, nawaandikia kutoka Cardiff. Baridi imeanza kulegea, na ukipita mtaani siku ya Jumamosi utaona miguu ya watu imechomoza uvunguni mwa magari. Fundi wa gari huku hulipwa kwa saa, na saa yake si ya kitoto, kwa hiyo wengi hubadilisha oili na pedi za breki wenyewe mbele ya nyumba zao. Sasa vijana wetu wa Tanga wameniletea swali: wanataka kununua vifaa vya kunyanyulia gari, wachague jeki gani? Nilidhani nitajibu kwa mistari miwili. Nilipoanza kuchimba historia ya jeki nikaona jibu lenyewe limo humo humo. Basi vuteni viti.

Tuanze na jina. Waingereza tangu zamani walimwita mtu yeyote wa kawaida, hasa kijana wa kazi, kwa jina la Jack, kama sisi tunavyosema "akina Juma". Chombo kilichofanya kazi ya kijana huyo kikarithi jina lake. Kifaa cha kuvulia buti kikaitwa jack, cha kugeuzia nyama motoni kikaitwa jack, na cha kunyanyulia mizigo vivyo hivyo. Likaja kwetu likawa jeki, na Kiswahili kikalipa kazi nyingine kabisa: ukisoma magazeti ya Kenya utakuta serikali "imepiga jeki" kilimo, au mfadhili "amepiga jeki" shule fulani, yaani ameiinua, ameisaidia isimame. Neno zuri. Lakini mtu wa gereji anajua jambo ambalo gazeti haliligusi: kuinua ni kazi moja, na kushikilia kilichoinuliwa ni kazi nyingine. Wanadamu wamelipa gharama kubwa kujifunza tofauti hiyo.

Chombo cha kwanza kabisa ni wenzo, yaani mtaimbo na jiwe la kuegemezea. Archimedes wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alieleza hesabu yake: upande wako wa mtaimbo ukiwa mrefu mara 10 kuliko upande wa mzigo, nguvu yako inakuwa mara 10. Hakuna cha bure, maana mkono wako nao lazima usafiri mara 10 zaidi ya mzigo. Wenzo una ubaya mmoja mkubwa. Ukichoka ukaachia, mzigo unarudi chini, tena kwa kasi.

Skrubu ikaleta nafuu. Skrubu ni kama njia ya mlimani iliyozungushwa kwenye nguzo: unapanda polepole bila kuchoka sana. Kinachonifurahisha ni kwamba msuguano wa meno yake unaizuia isirudi yenyewe. Ukiachia mpini ukaenda kunywa chai, unakuta mzigo pale pale. Wenye mikokoteni ya farasi Ulaya walikuwa na jeki za skrubu na za gia karne nyingi kabla ya magari, za kuinulia ekseli ili gurudumu lipakwe grisi. Hata Leonardo da Vinci (1452–1519) alichora jeki ya gia kwenye madaftari yake. Ile jeki inayokunjuka kama mkasi ndani ya buti la gari lako ni mjukuu wa skrubu hiyo.

Kisha likaja somo la maji. Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662) aligundua kwamba ukikibana kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, mgandamizo huenea sawasawa kila upande. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilichapishwa mwaka 1663, yeye ameshafariki. Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua pistoni ndogo na pistoni kubwa zinazotumia oili moja, ile kubwa ikiwa na eneo mara 10 ya ndogo. Unasukuma mpini kwa uzito wa kilo 10. Mpini wenyewe ni wenzo wa mara 15, kwa hiyo pistoni ndogo inapata kilo 150. Pistoni kubwa inazidisha mara 10, unapata kilo 1,500. Mtoto wa darasa la tano ananyanyua tani moja na nusu! Ila mkono ukishuka sentimita 60, mzigo unapanda milimita 4 tu. Ndiyo maana tunapampu mpaka jasho linatutoka.

Pascal aliona kanuni, lakini kifaa cha kweli kilisubiri zaidi ya miaka 130. Mwaka 1795 Joseph Bramah, mtoto wa mkulima kutoka Yorkshire aliyeanza maisha kama seremala, alipata hataza ya mashine ya kubana kwa nguvu ya maji. Huyu bwana alisifika pia kwa vyoo vya kuvuta maji na kwa kufuli lake lililowekwa dirishani London pamoja na zawadi kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo. Halikufunguliwa mpaka mwaka 1851. Taabu yake kwenye mashine ilikuwa ile ile inayowasumbua mafundi wetu leo: kuvuja. Ukikaza sili, pistoni inakwama. Ukiilegeza, maji yanatoka. Inasimuliwa kwamba aliyemaliza tatizo ni fundi wake kijana, Henry Maudslay, aliyekata ngozi yenye umbo la kikombe, ili mgandamizo wa maji wenyewe uipanue na kuikaza kwenye ukuta wa silinda. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo sili inavyobana. Leo tunatumia mpira badala ya ngozi, lakini akili ni ile ile.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kaskazini mwa Wales kuna mlango wa bahari unaoitwa Menai, wenye mkondo mkali, unaotenganisha bara na kisiwa cha Anglesey. Katika miaka ya 1840 mhandisi Robert Stephenson alipewa kazi ya kuvusha treni pale. Akabuni mabomba makubwa ya chuma yenye pembe nne, treni ipite ndani yake. Mabomba ya katikati yalikuwa na urefu wa karibu mita 140, na kila moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,500. Yaliundwa ufukoni, yakaelezwa majini hadi chini ya minara, halafu yakainuliwa kwa jeki za Bramah, za maji, zilizofungwa juu ya minara. Mwaka ulikuwa 1849.

Wasaidizi wake waliona jambo jepesi: bomba livutwe mpaka juu moja kwa moja, nguzo za kulishikilia zijengwe baadaye. Stephenson akakataa katakata. Alitaka bomba likipanda kidogo, chini yake pajazwe hapo hapo, mbao na matofali yafuate nyuma ya mzigo hatua kwa hatua. Kazi ikawa ya kuchosha, na bila shaka wapo walionung'unika kwamba mzee anapoteza muda.

Mwezi Agosti mwaka ule, bomba likiwa linapanda, kitako cha silinda ya jeki moja kilipasuka. Kipande cha chuma cha karibu tani moja na nusu kikaporomoka kutoka mnarani. Baharia mmoja aliyekuwa akipanda ngazi ya kamba alirushwa, akafa jioni ile ile. Na bomba? Lilianguka inchi 9 hivi tu, likatua juu ya vile vilivyojazwa chini yake. Hata anguko hilo dogo lilivunjavunja vyuma vizito kama mtu anayevunja karanga. Fikirieni basi kama pale chini pangekuwa patupu. Daraja zima lingelala kwenye sakafu ya bahari, na watu wangapi nalo. Daraja lilifunguliwa mwaka 1850 likabeba treni hadi mwaka 1970 lilipoungua moto, kisha likajengwa upya kwa umbo jingine. Bado linapita treni, na magari juu yake.

Ndugu zangu, nikisoma habari ile naona gereji zetu. Jeki ile ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani wakati huo, na ilitazamwa na wahandisi mashuhuri. Ikapasuka. Kilichookoa kazi ni rundo la mbao na matofali ambalo mtu mbishi aliamuru liwekwe kabla halijahitajika. Jeki inainua, stendi inashikilia. Hayo yalijulikana mwaka 1849, magari ya petroli hayajazaliwa.

Tuendelee. Miaka miwili baadaye, 1851, Richard Dudgeon alipata hataza ya jeki ya haidroliki inayobebeka. Alizaliwa Scotland akakulia New York, mhamiaji kama sisi wengine. Pampu, tangi na pistoni vyote vikaingia kwenye kifaa kimoja ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba. Viwanda vya meli na karakana za reli vikakipenda. Jeki fupi yenye umbo la chupa iliyoko chini ya kiti cha kila lori la Tanga hadi Rusumo ni ya ukoo huo.

Magari yalipokuja, jeki ikatoka karakanani ikaingia mikononi mwa kila mtu. Sababu kuu ilikuwa pancha. Barabara zilijaa misumari ya kwato za farasi, na magari ya kwanza hayakuwa na spea tairi: ukipata pancha unakaa kando ya njia na kuziba. Mwaka 1904 ndugu wawili wa ukoo wa Davies huko Llanelli, mji ulio mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa kwangu, walitengeneza rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kubanwa kando ya gurudumu lililopasuka. Duka lao lilikuwa Stepney Street, kwa hiyo wakaiita Stepney. Wale wenzetu mlio Dubai na Maskati mtakuwa mmesikia madereva wa Kihindi wakiiita spea tairi "stepney" hadi leo. Sasa mnajua neno hilo limetoka mtaa wa Wales.

Kutoka hapo kila nchi ikajaribu lake. Wamarekani walipenda jeki ya kushika bampa, maana bampa zao zilikuwa za chuma kizito. Bampa zilipobadilika katika miaka ya 1970, jeki hizo zikafifia. Hapa Uingereza baadhi ya magari, kama MG za miaka ya 1930, yalikuja na jeki za haidroliki zilizofungwa moja kwa moja kwenye gari, mfumo ulioitwa Jackall. Mtu anapampu na gari linajiinua. Na kule Bloomfield, Indiana, ikatoka ile jeki ndefu ya reli yenye matundu, Hi-Lift, iliyopendwa na wakulima na wenye Land Rover. Kenya wapo wanaoiita jeki ya Tanganyika! Ni hodari kukutoa kwenye tope, lakini inayumba, na mpini wake ukikuponyoka unaweza kukuvunja taya. Kwa kuingia uvunguni, hapana kabisa.

Katikati ya miaka ya 1920, Peter Lunati wa Memphis, Tennessee, alitazama kiti cha kinyozi kinavyopanda na kushuka akajiuliza kwa nini gari lisifanyiwe hivyo. Mwaka 1925 akapata hataza, na gereji zikaanza kuinua gari zima hewani huku fundi amesimama wima. Kabla ya hapo ilikuwa shimo, lile tunalolifahamu sana, ambalo mvuke wa petroli huingia na kutulia ndani yake kwa kuwa ni mzito kuliko hewa. Cheche moja inatosha kuleta msiba.

Mfano wangu wa mwisho ni wa Wafaransa. Mwaka 1955 Citroën walionyesha gari la DS mjini Paris, ambalo badala ya springi lilikuwa na oili na gesi, na dereva aliweza kulipandisha kwa kuvuta hendeli. Kubadilisha tairi lake ni kama mazingaombwe. Unalipandisha gari hadi mwisho, unaweka stendi chini yake, unaliamuru lishuke, na kwa kuwa mwili umeshikwa na stendi, magurudumu ndiyo yanayopanda yenyewe kutoka ardhini. Angalieni hapo. Gari lenyewe lilikuwa jeki, na jeki ya kisasa kuliko zote za wakati wake, lakini waliolibuni walijua kwamba lazima kiwepo kipande cha chuma kikavu, kisicho na oili wala valvu, cha kulishikilia.

Turudi kwenye gereji bubu zetu chini ya miembe. Mafundi wetu ni hodari, hilo silibishii; wanashusha gia boksi kwa kamba na bomba la maji. Lakini wote mmeona gari limekaa juu ya jeki peke yake, au juu ya matofali ya saruji, na kijana wa miaka 17 amelala chini yake anapiga nyundo. Mtaani kwetu yupo fundi ambaye jeki ilimteleza gari likamkalia mkono. Mnamjua, bado anafanya kazi kwa vidole vitatu. Yeye alibahatika. Sili ya jeki ikichoka haipigi hodi. Tofali la saruji nalo halipindi kwanza ili likuonye: linapasuka mara moja, hasa lile lenye matundu. Gogo zima la mti mgumu lina huruma zaidi, kwa kuwa linalia na kubonyea kabla ya kushindwa.

Kwa hiyo, vijana wa Tanga, jibu langu ndilo hili:

1. Jueni kwanza uzito. Corolla ni tani moja na kidogo, Land Cruiser hupita tani 2. Jeki ya tani 2 inatosha kuinua upande mmoja wa gari dogo. Kwa Land Cruiser tafuteni ya tani 3 au zaidi. Pimeni pia kimo: jeki iweze kuingia chini ya gari lililolala, na iweze kufika juu kwa gari lililonyanyuka.

2. Kwa kazi ya nyumbani nunueni jeki ya magurudumu, ile ndefu ya kusukuma chini, kwa sababu kitako chake ni kipana. Jeki ya chupa ni nzuri kwa lori na ekseli, lakini kichwa chake ni chembamba na huteleza. Ya mkasi ibaki butini kwa ajili ya pancha za njiani.

3. Fedha ikiwa haba, punguzeni kwenye jeki, msipunguze kwenye stendi. Nunueni stendi mbili zinazolingana. Someni maandishi vizuri, maana nyingine huandikwa uzito wa jozi badala ya uzito wa moja. Mimi napenda zile za pini inayopenya tundu. Za meno ni nyepesi kutumia, lakini mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani iliita zirudishwe stendi zaidi ya milioni 1, kwa kuwa meno yake yaliweza kuachia na mzigo ukashuka. Kitu kipya chenye nembo nacho kikaguliwe.

4. Ardhi iwe tambarare na ngumu. Mchanga wetu wa pwani unameza, kwa hiyo tandikeni ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Vuteni hendibreki, na mwekeni mawe au vipande vya mbao kwenye magurudumu yanayobaki chini, kama utingo wa lori anavyofanya mlimani.

5. Inueni pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Chini ya mlango kuna sehemu zilizoimarishwa. Ukikosea kidogo unatoboa bati.

6. Stendi zikishakaa, shusheni gari lizikalie, kisha litikiseni kwa nguvu mkiwa bado nje. Kama litaanguka, lianguke sasa. Gurudumu mlilolifungua lilazeni chini ya ubavu wa gari, liwe bima ya mwisho. Na asiingie mtu uvunguni akiwa peke yake. Awepo wa kupiga kelele.

Mkiona hayo yanachelewesha kazi, mkumbukeni yule mzee mbishi wa Menai aliyekuwa akijaza mbao chini ya bomba huku wenzake wanahesabu siku. Kuweka stendi mbili ni kazi ya dakika tano.

Kwenye kontena la mwezi ujao nimetenga nafasi ya jozi mbili za stendi, moja ya vijana na moja ya yule fundi wa vidole vitatu. Jeki mtanunua wenyewe huko huko, madukani zimejaa. Wasalimieni wazee wote, na mwambieni shangazi kanga zilifika salama. Wasalaam.